Umeona Fimbo Ikipanda?

Baba mdogo aliniuliza swali lake tukiwa tumekaa nje ya boma kule Rarieda, jioni ya mazishi, waombolezaji wengi wakiwa wameshaondoka na viti vya kukodi vikipakiwa kwenye pikapu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Nyathina," akasema, "wewe ndiye fundi wa stima katika nyumba hii. Huo mtambo wa nyuklia wanaosema watatujengea huku Siaya, si utalipuka?"

Nikamwambia ninachokijua. Fueli ya mtambo wa umeme haiwezi kulipuka kama bomu la atomiki, kwa sababu urani yake haijarutubishwa kiasi hicho. Yale majengo ya Fukushima aliyoyaona kwenye televisheni mwaka 2011 yalipasuliwa na gesi ya hidrojeni, na gesi hiyo ilitokea kwa sababu fueli ilikosa maji ikapata moto kupita kiasi. "Kwa hivyo mimi, baba, siogopi bomu. Naogopa maji yasifike yanakotakiwa. Na maji hufunguliwa na vali."

"Vali? Kama hii ya tangi?"

"Kama hiyo ya tangi. Ila ni kubwa, na ina mota."

Akanitazama kama mtu aliyeuliza habari za simba akajibiwa habari za komeo la zizi. Giza lilikuwa linaingia, na matatu ya mwisho ya kurudi Kisumu haingenisubiri. Nikaondoka na deni la kumweleza vizuri. Hili ndilo deni ninalolipa leo.

Kwa ambaye hajafuatilia: kwa miaka mingi mtambo wa kwanza wa nyuklia wa Kenya ulitajwa kuwa utajengwa Uyombo, kaunti ya Kilifi. Wenyeji waliukataa, na mwaka 2024 wakaingia barabarani. Baadaye mazungumzo yakahamia huku kwetu, kandokando ya ziwa, na mwaka unaotajwa na serikali wa kuanza kutoa umeme ni 2034. Nimekaa kwenye mabaraza nikasikiliza. Watu wanauliza juu ya ardhi na fidia, juu ya taka, juu ya samaki wetu, ngege na omena. Ni maswali ya haki na lazima yajibiwe. Lakini sijasikia mtu akiuliza nani atakuwa akizipima vali, wala mara ngapi, wala kwa njia gani. Mimi swali hilo linaninyima usingizi kwa sababu ya usiku mmoja.

Nilianza kazi katika kiwanda cha sukari huku magharibi. Jina lake nitaliacha. Ilikuwa Jumapili usiku, boila namba mbili ikirudishwa kazini baada ya matengenezo. Moto wa makapi ya miwa ulikuwa umeshashika na mvuke umeanza kutoka. Vali kubwa ya maji ya kuingia boila ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Opereta akabonyeza kitufe cha kuifungua, nami nimesimama nyuma ya bega lake. Taa ya kijani ikazima, nyekundu ikawaka. Katika mitambo mingi ya mvuke na umeme, nyekundu maana yake vali iko wazi na kijani maana yake imefungwa, jambo ambalo humchanganya kila mgeni kwa sababu ya mazoea ya barabarani. Pampu ilikuwa ikinguruma. Kwenye paneli mambo yote yalikuwa shwari. Kwenye kioo cha boila, maji yalikuwa yanashuka.

Yalishuka upana wa kidole, kisha vidole viwili. Opereta akasimamisha mikanda ya makapi, lakini makapi yaliyokuwa tayari ndani ya tanuri hayasikii amri ya mtu. Yataendelea kuwaka mpaka yaishe, na joto lake litaendelea kuchemsha maji yaliyobaki. Nikakimbia ngazi hadi kwenye vali. Nikavuta kishikio cha klachi ili mota iachie, nikalishika gurudumu la mkono, nikazungusha. Likazunguka. Lilikuwa laini mno, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, nami kwa ujinga wa ujana nikafurahia ulaini huo.

Mzee, fundi mkuu wetu, alifika nyuma yangu akihema. Hakulitazama gurudumu. Alimulika tochi juu, pale fimbo ya vali inapotokea.

"Binti yangu, umeona fimbo ikipanda?"

Sikuwa nimeitazama. Ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi. Mota ilikuwa imezunguka, gurudumu limezunguka, taa imebadilika rangi, na lango lililo ndani ya bomba halijasogea hata unywele. Mzee aliwaita wanaume wawili wakafungua kwa spana vali ndogo ya njia ya pembeni. Maji yakapita humo, machache lakini yakatosha. Tulisimama mbele ya kile kioo tukiyangoja yapande, hakuna aliyesema neno.

Asubuhi tuliifungua. Ndani ya kichwa cha vali mna nati ya shaba nyeusi, nene kama kikombe cha uji, na fimbo ya chuma yenye hesi inapita katikati yake. Nati huzunguka mahali pamoja. Fimbo haizunguki, hupanda na kushuka ikivuta lango. Hesi za nati ile zilikuwa zimekwisha. Niliingiza kidole, kikateleza kama ndani ya chupa. Grisi iliyozunguka ilikuwa imejaa unga wa shaba uliokuwa ukimetameta mwangani, na fimbo yenyewe, chini ya kifuniko chake, ilikuwa kavu, imeganda vumbi la makapi. Kadi ya matengenezo ilisema imepakwa grisi kila mwezi. Sahihi ilikuwa yangu.

Na grisi nilikuwa nimetia kweli. Niliisukuma kwa bomba la grisi kwenye chuchu ya sanduku la gia, kama nilivyoonyeshwa. Sikujua kwamba grisi ya gia haiifikii fimbo, kwamba fimbo hupakwa kivyake, kwa mkono, baada ya kusafishwa. Miezi yote ile chuma kikavu kilikuwa kinaitafuna shaba, nami ninatia sahihi. Nati hiyo nipo nayo hadi leo, iko dirishani kwangu Migosi.

Lakini kwa nini taa ilidanganya? Ukilielewa hili, umeelewa sehemu kubwa ya hadithi ya vali za mota duniani. Taa haiunganishwi na lango, wala na fimbo. Imeunganishwa na swichi ndogo inayohesabu mizunguko ya gia. Gia zikizunguka idadi iliyowekwa, swichi inasema safari imekwisha, taa inabadilika. Kama fimbo imebaki nyuma, au lango limekatika na kubaki chini, swichi haina habari. Taa hueleza safari ya gia. Habari za maji ziko kwenye maji.

Kuna swichi ya pili, na hiyo ndiyo iliyowatia hatarini watu wa mtambo mmoja wa nyuklia huko Ohio, Marekani. Katika mashine nyingi za aina hii mota huzungusha gia yenye umbo la parafujo. Lango likikutana na upinzani, parafujo hiyo husukumwa nyuma kwenye mhimili wake na kubana springi za visahani vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi zikibanwa kiasi fulani, swichi hukata umeme wa mota ili isiungue wala kuvunja vali. Ni ulinzi mzuri. Tatizo ni kwamba vali iliyofungwa, maji yenye shinikizo yakiwa yameligandamiza lango upande mmoja, inahitaji nguvu nyingi zaidi pale mwanzo inapobanduka. Ndiyo maana mafundi huipa swichi hiyo likizo fupi: kwa mizunguko ya kwanza ya kufungua, isikate. Likizo ikiwa fupi mno, swichi itaona ile nguvu ya kubandua, itadhani vali imekwama, na itakata umeme wakati ambao vali inahitajika kuliko wakati wowote.

Tarehe 9 Juni 1985, saa 7:35 usiku, katika mtambo huo wa Ohio, Davis-Besse, ulio ukingoni mwa Ziwa Erie, maji ya kawaida ya kupooza yalikatika. Mtambo ukajizima, kama inavyotakiwa. Opereta, katika haraka ya kusaidia, akabonyeza vitufe visivyo, na mfumo ukazifunga vali za maji ya dharura za pande zote mbili. Pampu mbili za dharura nazo zikazidisha mbio zikajikata. Kosa la vitufe liligunduliwa upesi; amri ikatolewa vali zifunguke. Hazikufunguka. Likizo ya ile swichi ilikuwa imewekwa fupi kuliko ilivyohitajika kwa shinikizo la usiku ule. Ilibidi watu wakimbie chini wakazifungue kwa mkono, kwa gurudumu kama lile langu. Kwa dakika kama 12 hakuna maji yaliyofika. Kiini cha mtambo hakikudhurika.

Kila nikisoma mahali wale vijana wanaposhika gurudumu, mikono yangu inakumbuka ule ulaini. Gurudumu la mkono huzungusha nati ileile ambayo mota huzungusha. Wao liliwaokoa kwa sababu nati zao zilikuwa nzima.

Baba mdogo angeuliza hapa: kama mtambo umeshajizima, haraka ya nini? Haraka ni ile ya makapi ndani ya tanuri. Mtambo wa kutoa megawati 1,000 za umeme hutoa joto la kama megawati 3,000. Ukiuzima, fueli yake kwa wakati ule ule bado inatoa joto la kama asilimia 6, yaani takriban megawati 180, joto ambalo hupungua saa kwa saa lakini halina swichi. Bwawa letu la Sondu Miriu likifanya kazi kwa nguvu zake zote hutoa megawati 60. Chukua Sondu Miriu tatu uzigeuze kuwa moto, uziweke ndani ya chungu kimoja, kisha ungoje vali ifunguke.

Baada ya Davis-Besse, tume ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani, NRC, ilitoa agizo Novemba 1985, na tarehe 28 Juni 1989 ikatoa barua iliyobadilisha kazi hii, namba 89-10. Barua ilitaka kila mwenye mtambo athibitishe kwamba vali zake za usalama zitafunguka na kufungika katika hali mbaya kabisa zilizokusudiwa, na si katika utulivu wa siku ya matengenezo, bomba likiwa halina shinikizo. Hapo ndipo aibu nyingi zilipojitokeza. Kwa miaka mingi watengenezaji walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kusukuma lango wakitumia namba moja ya kurithi, 0.3. Vali zilipowekwa kwenye maji yanayokimbia kwa shinikizo halisi, nyingi zilidai nguvu zaidi ya hesabu. Yaani vali ilitoka kiwandani, ikafungwa, ikapakwa rangi, ikajaribiwa bila mzigo kila robo mwaka, ikafaulu kila mara, na siku ya shida ingeshindwa.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba punda humjui kwa kumwona amesimama zizini. Mpakie gunia.

Kasoro nyingine ninazipenda, kama naweza kutumia neno hilo, kwa jinsi zinavyojificha. Grisi yenyewe, dawa ya kila kitu, ikijazana ndani ya zile springi za visahani huzifanya zisibanike, na swichi ya ulinzi haikati kamwe. Mota inasukuma mpaka inaungua. Lango lenye umbo la kabari likifungwa bomba likiwa la moto, kisha bomba lipoe, mwili wa vali unasinyaa na kulibana kama kabari ya mbao kwenye gogo. Au maji yananaswa ndani ya kichwa cha vali, yanapata joto, yanavimba bila pa kwenda, na kulisukuma lango kutoka pande zote mbili. Kuna wanaoitibu hiyo kwa kutoboa tundu dogo upande mmoja wa lango, na mimi huona tiba za namna hiyo ndizo bora kuliko zote: tundu halihitaji umeme wala sahihi ya mtu. Kuna mota ambazo vyuma vya ndani vyake vilitengenezwa kwa magnesiamu, na kwenye joto na unyevu magnesiamu huoza kimyakimya hadi siku mota ikiitwa haiitiki.

Kisha kuna stima yenyewe. Hapa Kisumu kila mtu amewahi kuona taa zikififia saa moja jioni na friji ikianza kuunguruma vibaya. Nguvu ya mota ya kawaida haipungui sawasawa na volti. Hupungua kwa mraba wake. Volti zikishuka hadi asilimia 80, nguvu ya kuzungusha inabaki asilimia 64. Katika mtambo wa nyuklia, wakati gridi imeanguka na jenereta za dizeli zimebeba mzigo wote kwa ghafla, volti zinaweza kushuka hivyo, na ni wakati huohuo vali zinaitwa zifanye kazi ngumu kuliko zote. Anayechagua mota kwa kuangalia volti za kwenye kibandiko amejitengenezea shida. Nchi yetu imewahi kubaki gizani yote kwa pamoja, zaidi ya mara moja mwaka 2023. Mtambo wowote wa Siaya utafungwa kwenye gridi hiyohiyo.

Na mtu asijidanganye kwamba mambo haya yaliisha na barua ya 1989. Oktoba 2010, katika mtambo wa Browns Ferry, Alabama, waendeshaji walitaka kupitisha maji ya kupooza kwenye njia moja ya usalama. Vali ilionyesha iko wazi. Maji hayakupita. Walipoifungua wakakuta diski, yaani kizibo chake cha ndani, imeachana na sehemu iliyoishikilia. Fimbo ilikuwa ikipanda na kushuka bure, diski imebaki chini imeziba. Hapa hata swali la Mzee lisingetosha, kwa sababu fimbo ilikuwa inapanda kweli. NRC ilifanya hesabu ya hatari na mwaka 2011 ikalipatia kosa hilo rangi nyekundu, daraja la juu kabisa katika mizani yake. Mwaka 2017, LaSalle huko Illinois, lango liliachana na fimbo tena, kwenye vali ya aina nyingine. Hawa ni watu wenye vitabu vya taratibu vinavyojaza chumba.

Nimeandika hivi bila nia ya kuupinga mtambo. Nimefanya kazi gizani nikiwa na tochi mdomoni, na ninajua umeme wa uhakika ungewafanyia nini mafundi wa Kibuye na Kamas hapa Kisumu ambao mashine zao za kuchomelea huzima katikati ya kazi. Ninachotaka ni kwamba mazungumzo yashuke kutoka kwenye jukwaa hadi kwenye nati. Tunayo shirika la NuPEA la kuuendeleza mpango, na tunayo mamlaka ya udhibiti, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Ningependa KNRA iwe na wakaguzi waliowahi kuchafua mikono, wanaoweza kufungua kichwa cha vali wenyewe na kujua grisi ngumu ikoje kwenye kidole. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vianze sasa, kwa sababu fundi wa kuaminika wa vali hapatikani kwa kozi ya miezi mitatu, na 2034 si mbali. Ningependa pia tununue vali pamoja na rekodi zake za kupimwa chini ya mzigo, tukatae nyaraka za mauzo peke yake. Na kadi ya matengenezo iwe na nafasi ya kuandika kile jicho lilichoona. "Sawa" ndilo neno lililonihadaa mimi.

Nimefikiria pia wale wa Fukushima waliopanda gizani asubuhi ya tarehe 12 Machi 2011. Umeme haukuwepo, kwa hivyo hakuna mota. Kikosi cha kwanza kiliingia ndani ya jengo la mtambo namba moja na kuifungua kwa mkono vali ya mota ya kupumulia, yaani ya kutolea shinikizo, robo ya njia, kama ilivyopangwa. Kikosi cha pili kilichotumwa kwenye vali nyingine kilirudi nyuma kwa sababu ya mnururisho. Magurudumu ya mtambo wetu mtu ayaone kwenye mchoro, yakiwa bado wino: yako wapi, yanafikiwa kwa ngazi ipi, na nani atasimama mbele yake joto likiwa limepanda.

Siku hizi nafundisha Jumamosi katika chuo kimoja hapa Kisumu. Tumepata kichwa cha vali kikuukuu kutoka kwa muuza vyuma chakavu, tukakifunga juu ya bomba lililokatwa ili lango lionekane. Kitu cha kwanza ninachowafanyisha wanafunzi, kabla ya kugusa waya wowote, ni kusafisha fimbo na kuichora mstari wa rangi nyeupe pale inapoingilia kwenye kichwa, kama Mzee alivyofanya kwenye vali zote za kiwanda wiki ile baada ya usiku wetu.

Juma lililopita kijana mmoja alikaa kwenye vitufe, na msichana aliyetoka Bondo mwaka huu akachuchumaa chini na tochi, uso wake karibu na fimbo. Kijana akabonyeza. Mota ikalia.

"Imepanda," akasema msichana. "Mwalimu, mstari umetoka kama upana wa kucha."

"Taa bado ni ya kijani," akajibu kijana.

"Na lango?" nikauliza.

Msichana akalala chali sakafuni, akageuza tochi ndani ya bomba.